Pa Kuzima Makofi

Nilipanda Naryn na vishikwambi kumi na sita
vimeviringishwa katika blanketi la jeshi.
Kazi ya saa mbili, nilimwambia dereva, kisha Bishkek.
Theluji ikasema: siku tatu.

Basi nikakaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto,
magoti yakikaribia kidevu,
nikamtazama Mwalimu Sairagul akiwasha cha kwanza
kama mtu anayeonja supu ya jirani.

Ernis, mwana wa mchunga farasi,
alizoa nyota thelathini kabla jiko halijashika moto.
Kioo kilimpigia makofi.
Nami nikampigia, kimoyomoyo;
programu ile niliiweka mimi.
Mwalimu hakupiga.
Alikuwa akitazama kidole, si kioo:
kidole kikidonoa jibu hili, na hili, na lile,
kama kuku gizani.

"Saba mara nane, umejuaje?"
Kimya. Kitu kikapasuka jikoni.
"Imegeuka kijani," akasema Ernis.

Hakumkemea. Hakukilaani kioo
(nami nilikwisha kujiandalia utetezi).
Kumi na tano akavilaza dirishani,
kimoja akakishika,
akawatoa wote nje na kofia zao za sufu
wakapige picha ukuta wa samadi kavu,
kuni za shule kwa majira yote ya baridi:
safu saba kwenda juu,
kila safu vipande vinane.

Waliporudi, pua nyekundu,
picha ikatandazwa ukutani kwa projekta.
Ernis akasimama ndani ya mwanga,
samadi imemchora mgongoni,
akahesabu safu kwa kiganja, pole pole,
akikosea, akirudi, akikosea.
Hakuna kilichogeuka kijani.
"Hamsini na sita."
"Na tukichoma safu mbili wiki hii?"
Akafikiri. Akatazama jiko.
"Arobaini, Mwalimu. Halafu Machi tutaganda."

Darasa likacheka. Yeye akaandika ubaoni, kwa chaki:
*Machi?*
Na hilo likawa somo la kesho.

Siku ya nne barabara ikafunguka.
Fomu yangu iliuliza namba ya kila kifaa,
hali ya betri, nguvu ya mtandao.
Nilikuwa nafunga zipu ya begi alipokuja
na kishikwambi mkononi, kwa sauti ya chini,
kama anayeomba chumvi:
"Fundi, makofi haya yanazimwa wapi?"

Nilitafuta dakika ishirini.
Sikuwa nimewahi kujiuliza.