Kidude cha Nabwire

Zamani hapa Tiira tulishusha mshumaa kwa kamba.
Ukizimika, tulisema ni upepo.
Ndivyo Ojiambo alivyobaki chini na sururu yake.

Sasa Nabwire hushusha kidude cha manjano,
kidogo kama kipande cha sabuni,
akaketi mdomoni mwa shimo kusoma tarakimu.
Egessa humcheka: "Mganga wa betri!"

Jana kililia.
Juu jua, watoto wakichekecha mchanga kwenye karai;
chini, hewa isiyo harufu wala rangi.
Nabwire hakuuliza mtu. Alivuta kamba.

Egessa akatoka mikono mitupu,
midomo rangi ya zambarau, matusi yamemkwama kooni.

Jioni mwenye shimo akauliza: leo gramu ngapi?
Nabwire akafuta tope kwenye kioo.
"Kilo sabini," akasema.
"Na viatu vyake."