Kisanduku cha Nne

Nilishuka Kigoma treni ikiwa imechelewa saa kumi na moja,
fomu yangu, kurasa kumi na mbili, ndani ya bahasha ya kaki:
Tathmini ya Ubora wa Utafiti, Idara ya Biolojia.
Visanduku vimenyooka kama makaburi ya wamisionari.

Cha kwanza: idadi ya machapisho.
Dakta Mpozemenya alinipangia majarida mezani
kama muuza vitenge wa Mwanga apangavyo doti zake,
zenye rangi kali juu, zilizochujuka chini.
Thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili.
Katika jarida moja majina ya waandishi yalikula robo tatu ya ukurasa,
lake la kumi na tisa, limebanwa
kati ya watu wawili ambao hajapata kuwaona.
"Hao ndio washirika wetu," akasema,
akacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Cha pili: vifaa.
Hadubini tatu, moja tu ina macho yote mawili.
Jokofu limegawanywa kwa utepe mwekundu,
kulia samaki, kushoto konokono.
Watu sita, na nimeambiwa hawaazimani hata spiriti.

Cha tatu: mtafiti mmoja mmoja.
Dakta Nestoria Bitulo. Chapisho moja, la miaka saba iliyopita.
Alama nilikwisha kuandika
(kwa penseli, lakini nilikwisha kuandika)
alipoleta daftari la jalada gumu, limevimba kwa maji ya ziwa.

Miezi kumi na minne, ufukwe wa Katonga,
kila Jumanne, kila Ijumaa,
akimsaka konokono abebaye kichocho
ambaye ramani iliyochorwa mbali inasema yupo pale.
Sifuri.
Sifuri.
Mvua kubwa, sifuri.
Boti imegoma, tumekwenda kwa miguu, sifuri.
Malaria. Nimekwenda hivyo hivyo. Sifuri.
Kisha Ijumaa moja: wawili!
Wino umekandamizwa hadi ukurasa wa nyuma.
Na juu yake mstari, na mwandiko mwingine, mdogo, wa kulala:
Si wenyewe. Nimewatazama tena usiku. Samahani. F.

"F ni nani?"
"Feruzi, fundi wa maabara. Wa upande wa samaki."
"Na ule utepe?"
"Utepe ni wa jokofu."

Nikamwambia majarida hayapendi sifuri.
Akafunga daftari taratibu, kama mtu afunikaye chungu.
"Watoto wa Katonga wanaoga ndani ya sifuri hiyo," akasema,
akaenda kufundisha, saa nane ilikuwa imefika.

Usiku, nyumba ya wageni, feni ikizunguka kwa shida,
nilikumbuka chapisho langu la nne, lile lililonipandisha cheo.
Grafu ilikuwa nzuri, ila nukta mbili
zilikaa pembeni, kama wageni wasioalikwa.
Nikazitoa.
Wenzangu watano walitia sahihi, wote mabingwa,
hakuna aliyeuliza zilikwenda wapi.
Nasi tuliandikiwa: ushirikiano wa kupigiwa mfano.

Kisanduku cha nne:
Ushirikiano. Taja taasisi za nje.
Nafasi ya mistari miwili tu.
Asubuhi, migebuka ikinukia kutoka jikoni,
nikaandika: mtu wa samaki alikesha kumsahihisha mtu wa konokono,
akaomba radhi kwa kuwa sahihi.
Najua makao makuu watairudisha.
Watauliza Feruzi ni taasisi gani.

Kisha nikarudi kwenye kisanduku cha tatu na kifutio.
Nilifuta kwa nguvu mno, karatasi ikachanika,
kitundu kidogo, upana wa punje ya ulezi,
ukikiinua dirishani unaliona ziwa.
Sikuomba fomu nyingine.