Siku ya Tatu

Maboksi kumi na moja yalishushwa Jumatano
na kijana wa guta; akayapanga sebuleni,
akaomba maji, akanywa amesimama, akaondoka.
Muuzaji alikuwa amenionya: usiyaguse kwanza.
Yalaze humo ndani siku mbili
mbao zizoee joto la Chuno, na unyevu wake, na chumvi.
Mgeni siku mbili, nikamwambia.
Akamalizia mwenyewe, akicheka na risiti mkononi:
siku ya tatu mpe jembe.

Fedha ni ya korosho, mnada wa pili,
iliyobaki baada ya ada, na dawa ya kupulizia,
na deni la salfa ambalo sitalitaja mbele ya watu.

Siku mbili tulikula tukiyazunguka.
Watoto wakayafanya kaunta ya benki.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini,
nilipiga magoti juu ya saruji nyekundu ya mama.
Ule ufa wa kutoka mlangoni hadi dirishani
niliujua kuliko mistari ya kiganja changu.
Nikauziba. Nikatandika nailoni, kisha kapeti la povu,
na wekundu wa miaka thelathini ukazimika
bila kelele yoyote.

Ndipo akaingia mjomba Likundasi,
vidole vyeusi kwa vumbi la mpingo,
akanyanyua ubao, akaunusa, akaukwaruza kwa kucha.
"Mti gani huu, Somoe?"
"Picha ya mti, mjomba. Ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa."
"Picha."
Akaupeleka dirishani. Akachukua mwingine, na mwingine.
"Kifundo hiki nimekiona kwenye ule wa kwanza.
Na ule pale. Nnungu wangu!
Mti gani unarudia neno lile lile?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikipambana na ukuta.
Ukuta wetu una tumbo; hata kamba ilisema hivyo,
na safu ya kwanza ikipinda, za nyuma zote zitafuata.
Ulimi ndani ya mfereji, inua kidogo, shusha:
ka!
Sauti ya kuvunja kidole. Ubao wa pili, ka!
Wa tatu ukakataa. Nikaubembeleza kwa nyundo ya mpira,
nikautukana kidogo, ukaingia.

"Mbona unaacha mwanya ukutani?"
"Upana wa kidole, mjomba. Mvua za Januari zikija, mbao zitavimba.
Zikikosa pa kwenda zitainuka katikati kama kichuguu."
Hapo alitulia.
Nadhani alimfikiria shangazi, na zile nyumba zao mbili
zinazotazamana Mikindani, kila mtu na jiko lake,
na amani yao.

Kabari za plastiki zilikuwa zimesahaulika dukani.
Alitoka bila kuaga. Alirudi na mabaki ya karakana yake,
akakaa kizingitini, akachonga kumi na mbili:
kabari za mpingo, nyeusi, zimelainishwa hadi kung'aa
(hakuweza kuacha kuzilainisha),
zishikilie picha ya mti
isisogee.

Kwenye fremu ya mlango msumeno wangu ulishindwa.
Akanisukuma kwa kiwiko, akatoa patasi,
akakata ule unga ulioshindiliwa kwa adabu ileile
ambayo angeikatia sikio la mtu.
"Hauna moyo," alisema. Lakini alikata.

Magharibi tulizing'oa kabari. Moja haikutoka.
Tulivuta kwa koleo, tukachoka, tukaiacha.
Skatingi imeifunika, kabati limesimama mbele yake,
na ndicho kipande pekee cha mti halisi chumba kizima.

Mjomba alivua kandambili, akakanyaga.
Akatoa korosho mfukoni, moja, ikamponyoka
au aliiachia, sijui.
Ikabiringika taratibu juu ya vifundo pacha,
ikapita chini ya meza, ikapita miguu ya watoto,
ikagota kona ya jikoni.

Kona ileile ambako kila kitu kilichomponyoka mama
kilikwenda kukaa.

"Nyumba haijadanganyika," akasema,
akatutuma tukailete, ale.