Mjalidi wa Barabara ya Kumi na Nne

Mwezi wa saba ukiingia mlango wangu haufungwi.
Wanakuja Ngamiani na macho mekundu,
karatasi kifuani kama kichanga kilichopatwa na homa:
"Mama Kilua, nakala tano, nyeusi, herufi za dhahabu,
chuoni mwisho wa kupokea ni kesho saa nne."
Kesho.
Miaka mitatu wameandika,
gundi yangu wanaipa usiku mmoja.

Naanza na Shemdoe wa uhandisi.
Kachanganya nyuzi za mkonge na zege,
tofali kalivunja mara mia na kumi na mbili
ili ajue tu linavunjikaje.
Nikamuuliza: na lingekataa?
Akacheka. "Hapo, mama, ningekosa cha kuandika."

Juu yake nimemlaza Mwanakombo wa lugha,
aliyekaa jikoni na wanawake wa Kidigo kule Mtimbwani
akisikiliza wanavyomwita mume bila kumtaja jina.
Ukurasa wa themanini na moja nilisita, sindano mkononi:
neno la bibi yangu,
neno nililodhani tulimzika nalo,
lipo pale, lina nambari, lina tanbihi.

Wengine siwaelewi, sitaki kudanganya.
Hozza kaniletea hesabu, kurasa arobaini za alama,
herufi zimepandana mabegani kama watoto ukutani.
Kiswahili kimo mahali pamoja tu, kwenye shukrani:
"Kwa mama, muuza mihogo ya kukaanga Chumbageni,
aliyenifundisha kutoa kabla ya kujumlisha."
Hiyo niliielewa.
Niliisoma mara mbili, chai ikapoa.

Mchezo wa kuigiza wa Semboja hauna hata neno moja,
ni nafasi tupu, kila nafasi na dakika zake.
Nikamwambia, mwanangu, karatasi nyeupe nayo
bei yake ni ile ile.

Na Mishi, binti wa diwani.
Ubeti wa tisa, mstari wa tatu,
mizani kumi na tano badala ya kumi na sita.
Nilihesabu kwa vidole,
nikarudia kwa kisigino chini ya meza.
Sikumwambia. Kazi yangu kufunga, si kusahihisha.
Lakini usiku ule taa nilizima, usingizi haukuja,
nikawa gizani natafuta silabi ya mtu.

Sasa niseme siri yangu, maana vidole vimeanza kukakamaa.
Mgongo wa kitabu hausimami kwa kitambaa peke yake.
Ndani hubandikwa ukanda wa karatasi usioonekana,
nami ukanda huo siununui.
Naokota mabaki ya kisu, kurasa zilizoharibiwa na printa,
za yeyote aliyeko mezani siku hiyo.
Ndiyo maana tofali la Shemdoe
limeshikwa na beti mbili za Mishi,
na Mishi mwenyewe, uti wake wa mgongo ni hesabu za Hozza.
Ukimya wa Semboja
umeegemea jina la mume wa mtu Mtimbwani.

Chuoni hawajui.
Nasikia vitivo vinagombania ghorofa ya pili,
nani apewe viti vipya, nani abaki na feni mbovu.
Wagombane.
Maktaba, rafu ya chini, wamekwisha kushikana
na gundi haijawahi kuniomba ruhusa.

Jina langu halimo popote. Silililii.
Ila siku kitambaa kitakapochakaa,
atakayekichana ili ashone upya
atasimama kama nilivyosimama mimi,
atajiuliza shairi limeingiaje kwenye zege.

Hodi tena. Huyu ni wa nane leo,
karatasi zimelowa jasho, shati limekosea vifungo.
"Kazi yako inahusu nini?"
"Pumzi za samaki."
Haya, weka hapo juu ya hesabu, pazito.
Kisha niandikie jina lako kamili, polepole, herufi kwa herufi:
dhahabu haina kifutio.