Mato Ndani ya Matone

Sindano bado naitunga kwa mara moja tu.
Basi nani angeniamini?
Kofia ya kiua, vitobwe mia kwa mia,
kila kimoja nakizungushia uzi mweupe
hadi kikae duara,
na mkono hautetemeki, na jicho halikosi.

Lakini punda wa Langoni walianza kutokea ghafla.
Hawaji: wapo. Bega lishagonga shogi
ndipo nasikia mwenyewe akipiga kelele, "Simile!"
Sinia la visheti kwenye harusi ya Wasila
nililipiga kumbo mbele ya wakwe.
Nikasema ni uzee. Nina miaka hamsini na mbili.

Daktari Kadzo katoka Malindi na mashine yake,
imevuka kutoka Mokowe imefungwa kwa blanketi.
Kidevu hapa, Bi Somoe. Paji la uso hapa.
Tazama taa ya katikati, usiitoroke.
Ukiona nukta, bonyeza.
(Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa mara nne.)

Bakuli jeupe, kubwa, kama ndani ya yai.
Nukta. Nabonyeza. Nukta. Nabonyeza.
Kisha kimya. Kimya kirefu, mashine inakoroma tu,
nami nangoja, kidole juu ya kitufe,
nikidhani imepumzika.
Haikupumzika. Ilikuwa ikiwasha
na kuwasha.

Karatasi ikatoka:
katikati kijimwanga, kiasi cha kitobwe kimoja,
pembeni kiza kimeshonwa kote.
Akanionyesha na picha ya nyuma ya jicho,
mahali neva inapoingia. Pana kikombe, asema,
na chako kimepanuka, kimeliwa kingo.
Nyuzi zaidi ya milioni hutoka hapo kwenda kwenye ubongo.
Nikauliza ngapi zimekatika. Nyingi, asema.
Nikauliza kama zafumwa tena.
Alinyamaza kama mtu anayejua kazi yangu.
"Hazifumwi. Tunalinda zilizobaki."

Na haikuuma. Hilo ndilo siliwezi.
Mwiba huuma, deni huuma;
presha hii ya jicho imekaa ndani yangu miaka
kama mgeni asiyekohoa,
ikichukua chombo kimoja kimoja, ikianzia pembeni.

Kisha akaniuliza: kwenu yupo mwingine?

Baba.
Lali Shebwana, mshona makubadhi,
waliyemwita Bwana Maringo
kwa kuwa ukimpungia ubavuni alipita kama mwinyi.
Mzee Bwanadi alimpa mkono siku ya Idi, mlangoni mwa msikiti,
mkono ukabaki hewani, watu wakiona.
Miaka kumi na tisa hawakusemezana.
Baba akafa na jina lile.

Baba hakuwa na maringo.
Baba alikuwa na kitobwe.

Matone ni kila usiku baada ya isha,
chupa ndogo kuliko kidole, bei yake nusu ya kofia.
Lala chali, vuta kope, usipepese.
Mama, Mwamu wa kale, hakusema macho, alisema mato.
Nimelala naangalia boriti, tone linaning'inia,
ndipo nikalisikia neno: ma-to-ne.
Mato yamo mle ndani,
yamepewa silabi moja ya kuegemea.

Jana nilimpeleka mwanangu Aboud apimwe. Alinuna; ana mechi.
Leo asubuhi nimekwenda kwa Mzee Bwanadi,
nikigeuza shingo kila kona, kushoto, kulia, kama kuku,
karatasi nimeikunja kifuani.
Nimemkuta juu ya mbuzi, anakuna nazi.
"Uko wapi mkono wako wa Idi?" nikamwuliza.
"Nionyeshe ulivyounyoosha."
Akadhani nimerukwa na akili, lakini akaunyoosha,
umejaa machicha.
Nikaikunjua karatasi, nikaweka kidole
palipo peusi zaidi.
"Ulikuwa hapa," nikamwambia.