Maktaba Isiyo na Kitabu

Maktaba yangu haina kitabu,
haina rafu, haina katibu,
haina bibi wa kuninyamazisha kwa kidole.
Ina vitenzi vitatu tu: sakinisha, orodhesha, ondoa.
Niliiandika usiku, Ostrava, ghorofa ya sita,
hita nimeizima kubana matumizi,
soksi mbili kila mguu,
na dirishani kilima cha mabaki ya makaa
kingali kinafuka, miaka mingi baada ya mgodi kufungwa,
theluji ikikataa kukaa juu yake.

Kazi yake? Nikimweleza mama hupiga miayo.
Basi husema hivi: kuna michezo iliyozaliwa
katika kompyuta za lugha moja,
na kompyuta yangu husema nyingine.
Mchezo ukiomba dirisha, mashine huduwaa.
Ukiomba sauti, hunyamaza kama mkwe mpya.
Katikati hutakiwa mkalimani.

Na wakalimani ni wengi, kila mwezi huja mwingine:
wa saba anajua vivuli, kwenye muziki anagugumia;
wa nane muziki anaujua, vivuli anavipaka kijani.
Mimi si mkalimani. Mimi natunza orodha:
nani kaja, nani kalala folda ipi,
nani apelekwe kwa mchezo gani.
Dalali, ukipenda, ila dalali asiyelipwa.

Desemba nikaona diski inajaa.
Wazee tele: wa tatu, wa tano, wa tano na nusu,
hakuna aliyewaita tangu mwaka juzi
(ndivyo nilivyodhani; sikuwahi kuuliza).
Nikaongeza mstari mmoja:
kila ajapo mpya, ondoa waliomtangulia.
Herufi arobaini na moja, nilizihesabu kwa majivuno.
Nikautuma duniani, nikalala fofofo.

Asubuhi akabisha Bibi Drahomíra wa ghorofa ya nne,
aliyeendesha tramu miaka thelathini na miwili
mpaka magoti yakamstaafisha kabla ya serikali.
Anao mchezo mmoja tu, wa tramu,
uliotengenezwa na vijana wawili wa mji huu huu;
kampuni yao ilikufa rangi ya kibao haijakauka.
Njia iliyomo ni njia yake, na kituo cha Machimboni kimo,
ambacho huku nje kimeng'olewa,
reli zake zimeuzwa kwa kilo.
Mimi ndiye niliyemwekea,
kwa ulimi wa mkalimani wa tano na nusu.

"Vlastimile," akasema, "tramu inasimama, milango haifunguki.
Watu wako kwenye baridi."

Sikucheka. Nilishuka naye.
Kwenye kioo, abiria saba wa vipande vipande vya rangi,
mmoja na kofia, mmoja na kitu kama mbwa,
wameukabili mlango.
Wa nane alijua yote ya leo,
ila "fungua," kama ilivyotamkwa mwaka ule,
hakuwahi kuisikia.

Nikaufuta ule mstari.
Kufuta ufutaji ni rahisi; kurudisha aliyefutwa, hapo ndipo.
Nilikoangalia kote hayupo, seva yake ya kwanza imezimwa.
Nikauliza huku na huku, siku nne,
hadi nesi mmoja wa Tromsø, Torunn,
akampata katika kompyuta ya zamani chini ya kitanda.
Alimtuma saa tisa usiku, baada ya zamu,
na maneno matatu: usimtupe tena.

Siku hizi kitenzi changu cha tatu huuliza kwanza
nani bado anamtegemea huyu.
Hukawia kidogo. Wengine wamelalamika.

Bibi Drahomíra hakunishukuru.
Milango ilifunguka kwa mkwaruzo wake wa kale,
saba wakapanda, hata yule wa kitu kama mbwa.
Alitazama kioo cha pembeni,
kisha akanitazama mimi, nimesimama kwenye kizingiti chake
nusu ndani nusu nje:
"Panda au shuka, kijana. Nafunga."