Mkasi wa Shee

Saa nne za usiku, Tudor. Maabara imebaki na mimi
na feni inayolalama kama mgonjwa wa zamu.
Mezani sahani kumi na mbili za hamira,
binamu wa hamira ya pakiti
ninayonunua Marikiti kwa mahamri ya asubuhi,
ila hii nimeilea mwenyewe, naijua nasaba yake.

Ukoo wa kwanza mzima.
Wa pili umezaliwa na pengo:
jeni moja, herufi chache katika kitabu kirefu.
Ukikipekua harakaharaka
utaapa hakijapungua kitu.

Kwanza ninawaonjesha taa.
Sekunde tano za mionzi, basi,
kama mtoto anayechovywa nyayo pwani
kabla hajafunzwa kupiga mbizi.
Nasubiri saa mbili. Nanywa kahawa ya tangawizi.
Kisha naiwasha tena, dakika nzima, bila huruma.

Mionzi ni fundi mbaya wa cherehani.
Hushona herufi mbili jirani
zisizostahili kushonwa pamoja,
na kitabu hakisomeki tena.
Basi ndani ya seli kuna wenye mkasi:
hufumua, hukata, hutia kiraka
kwa uzi wa rangi ile ile.

Ukoo wa kwanza uliishi,
tena uliishi, naandika daftarini,
kuwapita ndugu zao wasioonjeshwa.
Jeraha dogo liliwaamsha mafundi.
Wakanoa. Wakakaa mlangoni
wakijua mgeni huyu hurudi.

Ukoo wa pili,
kule kuonja tu kuliwamaliza nusu.
Mlango ulibishwa
na ndani hakukuwa na wa kuamka.

Sasa niandike lile lisiloingia daftarini.

Shee wa dada yangu Mwanakheri
alipozaliwa, jua la saa mbili asubuhi
lilimwacha mwekundu kama aliyemwagiwa uji.
Watu walisema mtoto ana ngozi ya kizungu.
Watu walisema hasadi.
Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili,
nimesoma sura moja tu, na sura ile ilinilevya.
Nikasema: mzoezeni. Dakika tano leo,
kesho sita. Mwili hujifunza.

Wakanisikiza, kwa kuwa nilikuwa ndiye msomi.
Siku ishirini na sita, roshani ya Kibokoni,
dada anahesabu kwa sauti, mtoto analia,
na mimi nauliza kwa simu: mmefika dakika ngapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa.
Hatuambiwi afanyeje
aliyezaliwa bila udongo wa kuzibia.

Ana miaka tisa sasa. Madoadoa usoni
kama aliyerushiwa chai. Jicho moja limechoka.
Madirisha yao yamebandikwa karatasi nyeusi,
na rafiki zake wa Makadara
wamekubali mpira uanze baada ya isha.
Hawakuhitaji mhadhara.
Walihitaji kipa.

Leo amekuja nami kazini, amepanda kiti,
anazihesabu sahani kwa kidole bila kugusa.
"Hawa wasio na mkasi," ananiuliza,
"huwa unawaweka wapi?"
Kabatini, namwambia. Gizani.
"Wanakua?"

Nikafungua kabati, nikamwangazia tochi nyekundu.
Zile pale, nukta nyeupe, nono, zimesongamana,
na kando yake sahani ya ukoo mzima.
Akatazama hii, akatazama ile.
Akakodoa lile jicho zima.
"Ipi ndiyo yangu?"

Nikageuza sahani nisome alama chini.
Mimi niliyezipanda
sikuweza kujua kwa kutazama.

Saa kumi na nusu. Nikamfunga kilemba,
nikamvisha glavu, tukashuka ngazi.
Dereva wa tuktuk alikuwa amelala.
"Mwamshe," nikasema, "kabla hakujacha."
Shee akagonga bati kwa kiganja chake chenye glavu,
akagonga, akagonga,
na mle ndani mtu akaamka.